Wapiga Mizinga Waliopotea Baharini

Ndugu msomaji, ukitaja mzinga kijijini kwetu, wengi watadhani unataka kurina asali. Wazee watakumbuka vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Lakini leo naandika juu ya mizinga ya zamani zaidi, na juu ya vijana wa Afrika ya Mashariki walioipiga katika Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945. Mimi ni bwana shamba, si mwanajeshi. Habari hizi nilianza kuzitafuta kwa sababu ya karatasi moja, ambayo nitaieleza baadaye.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Askari wa bunduki humwona adui wake. Mpiga mzinga mara nyingi hamwoni. Mzinga uliotumika sana katika jeshi la Waingereza wakati ule ulirusha kombora la ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Kombora hilo liliweza kwenda kilometa 12. Huo ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu. Katikati pana vilima na misitu, basi wapigaji watapaonaje? Mbele kabisa, karibu na adui, alikaa mwangalizi mwenye simu ya waya au redio. Kombora likianguka, yeye husema: ongeza, punguza, peleka kushoto kidogo. Huku nyuma watu wanapiga hesabu na kugeuza mzinga. Ni kama kuangua embe gizani huku mtoto aliye juu ya mti anakuelekeza pa kurusha fimbo.

Mzinga mmoja ulihudumiwa na watu 6. Mmoja aliamuru, mwingine alilenga, na wengine walishika makombora na kuyapakia. Mzinga wenyewe ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Gari liliuvuta. Gari likinasa kwenye matope, watu waliusukuma. Aliyewahi kukwamua trekta wakati wa masika anajua maana yake.

Kazi hiyo haikufanyika bila tarakimu. Ukikosea namba moja, kombora laweza kuwaangukia wenzako. Vijana wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma, wakajifunzia humo humo. Jeshi la Keya liliongozwa kwa Kiswahili. Mkamba, Mkuria, Mnyamwezi na Macholi walielewana kwa lugha hiyo mbele ya mzinga mmoja.

Mwaka 1942 wapiga mizinga wetu walikwenda Bukini, kisiwa ambacho leo huitwa Madagaska, pamoja na Brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki. Vita vile havikuwa virefu. Vilikwisha mwezi Novemba mwaka huohuo.

Kisha ikaja zamu ya Asia. Wajapani walikuwa wameiteka Burma, nchi iliyo mashariki ya Bara Hindi. Waingereza walitaka kuirudisha, nao wakachukua askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingineko. Askari hao walipelekwa kwanza kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, kufanya mazoezi.

Mwanzoni mwa mwezi Februari 1944, meli tano za kuchukua askari ziliondoka bandari ya Kilindini, Mombasa. Moja iliitwa Khedive Ismail. Ilichukua watu 1,511. Kati yao, 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, Waafrika pamoja na maofisa wao Wazungu. Walikuwapo pia wauguzi wanawake na mabaharia. Manowari zilizisindikiza meli hizo, na mbili kati yake ziliitwa Petard na Paladin.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Nyambizi ya Wajapani ilikuwa inawangojea. Nyambizi ni meli inayokwenda chini ya maji, na silaha yake ni topido, yaani bomu linaloogelea lenyewe. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu hivi.

Hebu zifikirie dakika hizo. Ndoo ya kisimani haijajaa, na meli yenye watu kuliko kijiji kizima imekwisha kwenda. Aliyekuwa katika vyumba vya chini hakuwa na nafasi ya kupanda ngazi. Mizinga haikuwafaa kitu. Hawakupata kumwona adui, wala adui hakuwapa nafasi ya kupiga hesabu.

Lililofuata ni gumu kulisimulia. Walionusurika walikuwa wanaelea, wengine wameshika mbao. Nyambizi ilijificha chini yao. Meli nyingine nne zilizojaa watu zilikuwa bado katika hatari. Manowari zikatupa mabomu ya kuvunja nyambizi mahali palepale walipokuwa wanaelea wale watu. Baadhi waliopona topido waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nimejaribu kumhukumu nahodha aliyetoa amri ile, nikashindwa. Nyambizi ilizamishwa siku ileile.

Walikufa watu 1,297. Walipona wanaume 208 na wanawake 6.

Wapiga mizinga wengine wa Afrika ya Mashariki waliendelea na safari ya Burma. Katika nusu ya pili ya mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa, matope na malaria, mizinga ikiwa pamoja nayo. Mwanzoni mwa Desemba waliuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mafundi wa jeshi wakajenga daraja la chuma la mita 350 hivi juu ya mto huo. Habari za Burma zilisimuliwa sana vijijini, kwa sababu wengi walirudi kuzisimulia. Kikosi cha 301 kilikosa wasimulizi.

Sasa niieleze karatasi niliyoitaja. Katika kijiji kimoja ninachohudumia, mkoa wa Mara, yupo bibi mwenye miaka zaidi ya themanini. Siku moja nilikwenda kukagua mihogo yake iliyoshikwa na batobato. Tulipomaliza aliniuliza:

“Bwana shamba, wewe unasoma Kizungu?”

“Nasoma kidogo, bibi. Vitabu vya chuoni vilikuwa vya Kizungu.”

Akamtuma mjukuu wake ndani. Mjukuu huyo ni mama wa watoto watatu, naye anahudhuria darasa la kisomo jioni. Akarudi na kopo la bati. Ndani mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne, imeliwa na mende pembeni. Mjukuu alikuwa ameijaribu peke yake. Maneno yalimshinda, lakini namba aliziweza. Akaniwekea kidole: “Hapa pameandikwa 301.”

Barua ilikuwa ya mwaka 1944, nayo ilikuwa fupi. Ilisema kwamba askari mwenye namba fulani, wa Kikosi cha 301, amepotea baharini kwa kushambuliwa na adui, na anadhaniwa kuwa amekufa. Askari huyo alikuwa baba wa yule bibi. Alipoondoka, binti yake alikuwa bado ananyonya.

Mama yake aliipokea barua ile, akaipeleka kwa mtu aliyesifika kuwa anajua kusoma. Mtu yule alijua Kizungu kidogo sana. Alisoma neno moja, akalitafsiri, akamrudishia karatasi yake. Alisema: “Mumeo kapotea.”

Wasomaji wangu mnajua neno hilo lina maana gani kijijini. Mwanamume aliyepotea ni yule aliyekwenda pwani akapata mke mwingine, akasahau kwao. Basi ikasemwa kwamba kapotelea Mombasa. Hayakuwekwa matanga, kwa sababu mtu hafanyiwi matanga akiwa hai. Ndugu zake waligawana shamba lake, wakisema mtoro hana fungu. Yule mtoto alikua akiitwa binti wa mtoro, na hata siku ya kuolewa kwake lilitajwa jambo hilo. Mama yake alikufa akiamini ameachwa.

Niliisoma barua yote kwa sauti, neno kwa neno, kisha nikaieleza kwa Kiswahili. Nilipofika penye “baharini”, bibi alinisimamisha.

“Hakutoroka?”

“Hakutoroka, bibi. Alikuwa kazini.”

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama maji ya huko ni marefu kuliko ya ziwa letu. Nikamwambia ni marefu zaidi. Akatikisa kichwa, akamwambia mjukuu aende kumwita mdogo wake wa kiume, mtoto wa baba mdogo, ambaye ndiye anayelilima lile shamba mpaka leo. Yaliyosemwa baina yao ni ya ukoo, siyaandiki gazetini. Ninachoweza kusema ni kwamba matanga yaliwekwa. Mbuzi alichinjwa, watu walilala pale siku tatu, na jina la marehemu likatajwa hadharani baada ya miaka zaidi ya sabini.

Tangu siku hiyo watu wengine wameniletea makopo yao. Baadhi ya karatasi ni za kodi tu, nyingine ni za mnada wa ng’ombe. Lakini chache ni za jeshi. Kama nyumbani kwenu ipo ya namna hiyo, itieni katika mfuko wa nailoni, mbali na mchwa na moshi wa jiko. Tafuteni mambo matatu: namba ya askari, herufi za kikosi, na tarehe. Herufi K.A.R. ni Keya. Herufi E.A.A. ni mizinga ya Afrika ya Mashariki. Ukiona 301 pamoja na Februari 1944, umekwisha jua ni meli gani.

Majina ya askari waliokufa bila kaburi yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yake hutazamwa bure kwa simu yenye intaneti, kwa hiyo msimlipe mtu anayedai ada ya kuwafungulia orodha hiyo. Jijini Nairobi, katika makaburi ya vita, upo ukumbusho wenye majina ya wapiga mizinga wa meli ile. Mnapotafuta, msitegemee jina peke yake. Makarani Wazungu waliandika majina yetu kwa namna walivyoyasikia. Baba wa yule bibi tulimpata kwa namba yake. Katika jina lake wamekosea herufi moja.