Na Baba na Mama Mpaka Bagamoyo

Bagamoyo ni mji wa zamani. Uko pwani, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi. Siku hizi barabara ni ya lami. Basi huchukua saa mbili, au zaidi kama magari ni mengi njiani. Zamani watu wa bara walifika huko kwa miguu. Kutoka Tabora walitembea kama miezi mitatu.

Baba yangu ni mtu wa Tabora. Umri wake umepita miaka 70. Amelima tumbaku na mahindi maisha yake yote. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, akarudi na nguo. Baba alisikia habari hizo utotoni, jioni wakiota moto.

Mwaka huu wazee walikuja Dar es Salaam kunitembelea. Niliwauliza wanataka kuona nini. Baba alijibu mara moja: "Tuanzie Bagamoyo. Kisha twende Tanga na Pangani, kama miguu ya mama yako itakubali."

Mama alisema miguu yake haijambo. Kichwa cha baba ndicho chenye safari nyingi.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukisafiri na wazee ni vizuri kuondoka mapema, kabla jua halijawa kali. Chukua maji ya kunywa. Mwombe kondakta viti vya mbele. Kondakta wetu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliwaamkia, "Shikamooni wazee," akampokea mama kikapu chake.

Tulipita Mwenge, kisha Tegeta, karibu na kiwanda cha saruji cha Wazo. Tulipita Bunju, halafu Mapinga, Kerege na Zinga. Huko utaona minazi, miembe na mikorosho, na nyumba mpya nyingi katikati yake. Bahari iko upande wa kulia, lakini huioni barabarani. Baba aliitafuta njia nzima.

Mjini Bagamoyo tulianza na Karavanserai. Hapo ndipo wapagazi walipopiga kambi baada ya safari. Mtembeza wageni alitueleza kazi yao. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, wakati mwingine zaidi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyeijua njia. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Hawakuwa watumwa. Waliajiriwa, na walilipwa kwa nguo na shanga. Wengine walibeba pembe zao wenyewe, wakaziuza wenyewe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi yao ilikwisha, na Bagamoyo ikapungua biashara.

Baba aliuliza kama anaweza kushika jiwe la ukuta. Akaruhusiwa. Aliweka mkono wake hapo kwa muda mrefu, asiseme neno.

Mama ndiye aliyeuliza swali. "Na chakula alipika nani?" Mtembeza wageni alicheka, akasema swali hilo wageni hawaliulizi. Lakini jibu lipo. Wanawake wengi walifuatana na misafara. Walibeba vyungu, vyakula na watoto, na jioni walipika. Habari zao hazikuandikwa sana. Mama akamwambia baba, "Basi na bibi yako huenda alifika hapa." Baba hakuwa amewahi kufikiri jambo hilo. Alinyamaza mpaka tulipotoka nje.

Hapo palitokea ubishi juu ya jina la mji. Watu husema Bagamoyo ni "bwaga moyo". Lakini kuubwaga moyo ni kufanya nini? Baba alisema ni kupumzika. Mpagazi amefika baharini, ametua mzigo, moyo wake umetulia. Mama alisema hapana. Mtu aliyeletwa amefungwa mnyororo, akaiona bahari, alijua harudi tena kwao. Huyo alibwaga moyo kwa kukata tamaa.

Mtembeza wageni hakutaka kuwaamulia wazee. Mimi naona wote wawili wana haki. Watumwa wengi wa bara walipitia Kilwa, na Bagamoyo ilikuwa zaidi mji wa pembe. Hata hivyo watumwa walipita hapa pia, wakavushwa kwenda Unguja. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Hata baada ya hapo wengine waliendelea kuuzwa kwa siri.

Baadhi ya watumwa walibaki mjini. Mmoja alikuwa mtoto aliyetoka Manyema, katika Kongo ya leo. Alisoma dini kwa bidii, akawa Sheikh Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria. Watu wa pwani nzima walimheshimu. Alifariki mwaka 1931. Mama alitaka aelezwe habari hiyo mara mbili.

Mchana tulikwenda Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Upo mnara wa kanisa la zamani. Februari 1874 maiti ya Mskoti David Livingstone ililazwa hapo. Alifia katika nchi ya Zambia ya leo, mwaka 1873. Chuma, Susi na wenzao waliibeba maiti hiyo kwa miezi mingi mpaka pwani. Kisha ikapelekwa London kuzikwa. Baba alisema mnara huo ungeitwa kwa majina ya wabebaji. Nami naona hivyo hivyo.

Jioni kidogo tulichukua bajaji mpaka Kaole, kilometa 5 kusini ya mji. Kuna msikiti uliojengwa karne ya 13, na makaburi ya mawe. Kuna na mbuyu mkubwa. Husemwa kwamba ukiuzunguka unaongezewa miaka. Baba aliuzunguka. Mama alikaa kivulini, akasema yeye haombi miaka, anaomba magoti.

Tuliporudi mjini tuliteremka ufukweni, kwenye soko la samaki. Maji yalikuwa yamekupwa. Majahazi yamelala ubavu mchangani. Baba alivua viatu, akaingia mpaka maji yakamfika magotini. Aliyaonja, akatema. "Babu alisema kweli," akasema. "Ni chumvi tupu." Mama alinunua samaki wa kukaanga, tukala hapo hapo.

Tulilala nyumba ya wageni. Asubuhi tulipanda basi la kwenda Msata, ili tukashike njia ya Tanga. Si mbali na Bagamoyo tulivuka Mto Ruvu darajani. Wasafiri wa zamani waliuita Kingani. Misafara iliuvuka kwa mitumbwi, mzigo mmoja mmoja, na kazi hiyo ilikula muda mrefu. Baba alimwomba dereva apunguze mwendo. Dereva akakubali, na abiria wengine nao wakageuka kuutazama mto.