Asumini za Bibi

Wapo wadhanio kuwa katuni ni za watoto. Nami nilikuwa miongoni mwao, hadi nilipoitazama Persepolis, filamu ya mwaka 2007 ambayo Marjane Satrapi aliiongoza pamoja na Vincent Paronnaud. Humo Satrapi anasimulia alivyokulia Iran wakati wa mapinduzi na vita, na alivyopelekwa Vienna angali msichana.

Filamu imejengwa juu ya mbinu rejeshi. Marjane, sasa mtu mzima, yumo katika uwanja wa ndege wa Orly, Paris, na hapo picha zina rangi. Anapokumbuka ya nyuma, rangi hutoweka, ukabaki weusi na weupe. Ndani ya weusi huo mna taashira mbili zilizonikaa moyoni: bata maji aliyefinyangwa kwa mkate na ami yake Anoush gerezani, na maua ya asumini ambayo bibi yake huyatia kifuani ili anukie.

Bibi huyo ndiye dhamiri ya mhusika mkuu. Katika sherehe moja ugenini, Marjane anaulizwa atokako, naye anajibu kuwa ni Mfaransa. Njiani akirejea, sauti ya bibi inamsuta.

Hapo niliisimamisha filamu, kwani nami nimewahi kujikana. Nilipokwenda kusoma Dar es Salaam, wenzangu waliyacheka matamshi yangu ya Kipemba, nikayaacha. Siku moja bibi yangu akaja kunitazama. Yeye ndiye aliyenifundisha kutunga: kwanza asumini katika uzi, kisha maneno katika mizani. Mbele ya rafiki zangu nilimjibu kwa lafudhi ya mjini, kama nimjibuye mgeni. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, unasema na nani?"

Sikuwa na la kumjibu, na alifariki kabla sijalipata.

Mwishoni mwa filamu, Marjane anapanda teksi, na dereva anamwuliza atokako. Anajibu kwa neno moja: Iran. Kisha asumini zinaanguka mbele ya macho yetu.

Usiku ule nilichukua kalamu, nikatunga beti nne kwa Kipemba, za kwanza tangu nitoke nyumbani. Mizani yake ina kasoro, nami najua. Lakini nilipozisoma kwa sauti chumbani, nilijua ninasema na nani.