Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Kazi ya Kuitangaza Njaa

Tengeru, Arusha

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba umepata kazi katika kitengo cha masoko cha shirika linalopambana na njaa. Ofisi iko hapo mjini, ila walengwa wenu wako Longido, Monduli na upande mkavu wa Mlima Meru. Hongera. Hukuniomba ushauri, lakini mjomba hangoji kuombwa. Ninalo moja tu la kukuambia: usiijenge kazi yako juu ya picha ya mtoto aliyekonda. Wengi watakukataza kwa sababu ya heshima ya mtoto, na wana haki. Sababu yangu mimi ni ya kikazi zaidi. Picha hiyo huchelewa, na mara nyingi huonyesha njaa ambayo si ya kwetu.

Mtoto hafikii kukonda kiasi cha kuonekana kwenye kamera mpaka mengi yawe yameshaharibika nyumbani kwao. Akiba imekwisha, mifugo imeuzwa, mama ameanza kuruka mlo. Anayengoja picha anangoja hayo yote yatokee kwanza. Oktoba 1984 taarifa ya Michael Buerk wa BBC kutoka Korem, Ethiopia, iliitikisa dunia; wimbo wa Band Aid ukatoka kabla ya Krismasi, na tamasha la Live Aid likafuata Julai 1985. Fedha zilipatikana kweli, lakini mvua zilikuwa zimekosekana muda mrefu na maonyo yalikuwa yametolewa. Ungedhani somo lilieleweka. Mwaka 2010 wataalamu wa tahadhari za awali walianza kuonya juu ya Somalia, na baa la njaa likatangazwa rasmi Julai 2011. Utafiti uliofuata ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi kidogo ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Tahadhari zilikuwepo kwa wakati. Kilichokosekana ni mtu wa kuzifanya zisikike kabla picha hazijapatikana. Kazi hiyo, mpwa wangu, ni ya kitengo chako.

Tazama sasa kwetu. Mteremko wa kusini na mashariki wa Meru unapata mvua, ndiyo maana huku Tengeru na Poli kuna migomba, kahawa na maharage. Zunguka mlima hadi Oldonyosambu na Ngarenanyuki, mlima umeshaikata mvua. Nyanya za Ngarenanyuki zinaishi kwa maji ya mifereji. Ukivuka kwenda Longido, riziki ni mifugo. Vuli ikikosa huko, huoni mtu wa kumpiga picha. Unachoweza kuona ni bei. Wafugaji wengi wanapeleka wanyama mnadani kwa wakati mmoja, wanyama wenyewe wamedhoofu, bei ya mbuzi inashuka. Na wiki hizohizo debe la mahindi soko la Kilombero hapo mjini linapanda bei. Mahindi yapo, yamejaa magunia, ila mbuzi mmoja hayanunui tena kama zamani. Amartya Sen alilieleza hilo mwaka 1981 kwa mfano wa Bengal ya 1943: watu hufa njaa chakula kikiwa sokoni, kwa kuwa wamepoteza uwezo wa kukipata. Ukame wa 2009 uliofagia mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro haukuwa na maana nyingine kwa mfugaji. Mbuzi mmoja, madebe mangapi? Hilo swali linatosha kuwa bango.

Nimesema pia kwamba picha ile si ya njaa yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka asilimia 34 ya mwaka 2015/16. Na wapi hali ni mbaya zaidi? Iringa, zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa, karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolilisha taifa mahindi! Mtoto aliyedumaa hana mbavu za kuhesabika. Anacheza, anacheka, anaonekana tu mdogo kuliko umri wake, na kamera haina la kumfanya. Halafu kamera hudanganya kwa upande wa pili pia: watoto wengi wa Ngarenanyuki wana meno ya kahawia, na mgeni huyachukua kuwa alama ya ufukara. Ni floridi ya maji ya mlima. Wamo wenye meno hayo wanaokula vizuri kuliko wewe.

Utanijibu kwamba picha ya huzuni inaleta fedha, na mkuu wako ana hesabu za kuonyesha. Sikatai. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio yao: watu waliosimuliwa habari za msichana mmoja wa Mali walichanga zaidi ya mara mbili ya waliopewa takwimu za mamilioni. Lakini isome vizuri hoja hiyo. Inathibitisha kwamba mtu humchangia mtu, haisemi kwamba mtu huyo lazima aonyeshwe akiwa taabani. Mama wa Longido anayepiga hesabu ya mbuzi wawili waliobaki, na kuamua yupi auzwe kwa ajili ya unga, ni mtu mmoja vilevile. Ana uamuzi mkononi, na mchangiaji anaweza kuubadilisha uamuzi huo kabla ya mbuzi kuuzwa. Huenda akakuletea fedha pungufu kidogo kuliko mtoto aliyekonda. Nitaichagua fedha hiyo pungufu ya Desemba, vuli ikishakosa tu, kuliko nyingi ya Aprili, picha zikishapatikana, kwa sababu ya Desemba bado inaokoa mifugo, na mifugo ikisalimika familia haitakuhitaji mwakani.

Wapo watakaosema Mzungu haelewi mbuzi na debe, na Mtanzania hachangi. La kwanza ni dharau kwa Mzungu. Naye ana mshahara na bei za vitu. La pili linashangaza katika nchi yenye kamati za harusi kila mtaa. Kenya, mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 na kulivuka, watu wa kawaida wakituma kwa M-Pesa. Na usisahau kwamba sisi tuliwahi kuitangaza lishe kwa wenye matumbo wenyewe: kampeni ya Chakula ni Uhai ya 1975, iliyoendeshwa kwa vikundi vya kusikiliza redio. Haikumwombea mtu, ilimweleza.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa, kwani njaa huleta ugomvi. Januari 2017 Rais Magufuli alikana hadharani kwamba nchi ina njaa, na magazeti yakawa yanavutana juu ya kama ipo au haipo. Shirika dogo haliwezi kusimama katikati ya mvutano huo. Bei ya debe, hata hivyo, haina chama, na mkuu wa wilaya anaijua kama wewe.

Ukilazimika kupiga picha, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Dole gumba chini ya fomu ya Kiingereza si ridhaa. Mweleze mtu kwa Kimaasai au Kiswahili picha yake itaonekana wapi, na ukubali akikataa.

La mwisho ni la kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli kabla vuli haijaanza. Kufikia Desemba inajulikana kama imekosa. Na Desemba ndio mwezi ambao wachangiaji wa Ulaya na Marekani hufungua pochi. Ni mara chache majira ya kwetu na ya kwao hukutana hivyo. Mwombe mkuu wako awaruhusu kuanza kukusanya bei za Kilombero na za minada tangu Septemba.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako