Kitanda cha Juu

Binamu yangu aliyeko New Jersey, Marekani, alinitumia video kwenye simu. Wasichana kama ishirini wamevaa fulana za rangi ya damu ya mzee, wamejipanga mstari mmoja kwenye majani ya chuo. Wanapiga miguu chini, wanapiga makofi, kisha mstari mzima unageuka kwa pamoja kama askari wa gwaride siku ya Uhuru. Nikamwandikia, "Dada, hiyo ni kwaya au jeshi?" Akajibu, "Hao ni dada." Dada wa nani? "Wao kwa wao."

Mtu anayejidai kuandika riwaya hana kazi nyingine ila kudadisi. Basi nikadadisi. Kumbe ni chama. Kinaitwa Lambda Theta Alpha, na kilianzishwa mwaka 1975 katika Chuo cha Kean, huko huko New Jersey, na wasichana 17. Ndicho chama cha kwanza cha kina dada wa chuo kilichoanzishwa na Walatina, yaani wale ambao asili yao ni Amerika ya Kilatini. Vyama vya namna hiyo vilikuwapo Marekani tangu karne ya 19, lakini vilikuwa vya mabinti wa kizungu. Wasichana weusi walikwisha kuchoka kusubiri mlangoni, wakaanzisha chao, Alpha Kappa Alpha, pale Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Walatina nao wakaja kujenga cha kwao. Kila aliyeachwa nje alikwenda akajijengea nyumba. (Kwa nini nyumba zote hizo zimepewa herufi za Kigiriki, hilo mimi sijui kama Wagiriki wenyewe waliulizwa.)

Wana mila zao. Mgeni anafundishwa historia ya chama hadi aijue kwa moyo, na majina ya waanzilishi, kama sisi tulivyokariri vitabu vya Biblia. Anapewa dada mkubwa wa kumwongoza. Wana rangi zao, ile ya damu ya mzee na kijivu, wana alama yao ya vidole, na kuna siku wapya wanatoka hadharani kwa mara ya kwanza na chuo kizima kinakuja kutazama. Katika vyama vya namna hii yamewahi kutokea mateso kwa wageni, hata majimbo mengi ya Marekani yakatunga sheria ya kuyakataza. Lakini mwenye kuipenda habari hii haipendi kwa mateso. Anaipenda kwa sababu msichana aliyefika chuoni peke yake anaambiwa: kuanzia leo una watu.

Niliitazama video ile mara nne. Mara ya tano nikaizima, nikakaa kimya nyuma ya mashine ya fotokopi hadi mteja akagonga meza.

Huku kwetu Moshi ukitaja udada wa shule, watu wazima watakutajia Weruweru. Ukitoka mjini kama unakwenda Arusha, ndiko iliko. Miaka ya 1970 na 1980 mkuu wa shule alikuwa Mama Maria Kamm, na hadi leo wanawake wenye mvi wakikutana msibani, wakigundua kwamba wote wawili walipita mikononi mwake, utaona mazungumzo yanabadilika, mabega yanashuka, wanaanza kucheka kama watoto. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, alisoma pale. Hawana herufi za Kigiriki. Wana "tulisoma wote", na neno hilo linafungua milango ya ofisi ambayo mimi nikigonga haifunguki.

Mimi sikusoma Weruweru. Nilisoma shule nyingine ya bweni ya wasichana, juu huko mlimani, ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia hadi kwenye tranka na maji ya kuoga unayatazama kwanza kama adui. Jina lake sitalitaja. Lakini mila tulikuwa nazo, bwana! Njuka ukifika, kabla hujafungua tranka, wakubwa wanakuja kukukagua. Mmoja anasema, "Huyu ni mwanangu." Basi, umepata mama. Anakuonyesha bomba lisilokatika maji, anakufundisha namna ya kutandika kitanda matroni asikuvue shuka, anakulinda na wababe. Wewe unamfulia soksi na kumwekea nafasi kwenye foleni ya makande. Mama yako ana mama yake, kwa hiyo una bibi. Ukiwa kidato cha tatu nawe unachagua mwana. Hivyo bweni zima ni ukoo.

Mama yangu alikuwa kidato cha tatu, mrefu, sauti ya kiranja. Watoto wake tulikuwa wawili: mimi wa kitanda cha chini, na mwenzangu wa kitanda cha juu. Kwa hiyo kwa sheria za bweni tulikuwa ndugu wa tumbo moja. Tuligawana kila kitu, hata Blue Band tuliipiga mstari katikati ya kopo kwa kijiko. Usiku taa zikizimwa mimi nilikuwa nasimulia hadithi za kutunga, na yeye alikuwa anainamisha kichwa kutoka juu, nywele zinaning'inia, anasema, "Halafu?" Msomaji wangu wa kwanza alikuwa yeye. Sijapata mwingine wa kuuliza "halafu" namna ile.

Mwaka 2015, tukiwa kidato cha tatu, tulirudi kutoka likizo tukapimwa. Wasichana waliosoma bweni wanajua ninachosema. Unaingia kwenye chumba kimoja kimoja, unalala, tumbo linabonyezwa, unatoka. Mimi nilitoka. Yeye hakutoka upesi. Jioni ile ile baba yake mdogo alifika, na tranka likashushwa. Wakati huo kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, Rais Magufuli alitamka mbele ya umma kwamba msichana akishazaa hatarudi shule ya serikali. Mlango ulifunguliwa Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Mwenzangu wakati huo alikuwa na mtoto anayesoma darasa la kwanza.

Nataka kusema ukweli hapa, maana ndicho kilichoniweka nyuma ya mashine ya fotokopi bila sauti. Bweni letu lilikuwa na vitanda arobaini. Wote tulikuwa madirishani. Mama yetu, kidato cha tano wakati huo, alikuwa amerudi kwa mambo ya cheti chake, na yeye alikuwa dirishani. Hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyembebea hata ndoo. Ukoo mzima, na mabibi, na wajukuu, ulimtazama mtoto wake akivuka uwanja wa paredi nyuma ya baba yake mdogo. Usiku ule sikusimulia hadithi. Wiki iliyofuata kitanda cha juu kilipewa njuka, nami nikasema, "Huyu ni mwanangu."

Baadaye nilisoma habari ya Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyejiua mwaka 1990 baada ya kuandamwa na lile genge la siri lililojiita Mzee Punch, lililokuwa likiwachora na kuwadhalilisha wanafunzi ukutani. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA, chama chao kikiwa na miaka mitatu tu, ndio waliosimama wakapiga kelele. Nilipoisoma, sikumfikiria sana huyo Punch asiye na sura. Niliwafikiria wanaopita mbele ya ukuta, wanasoma, wanakaza mwendo. Hao nawajua. Nalala nao kitanda kimoja.

Na tena Moshi hii hii, Mama Kamm yule yule wa Weruweru, alipotoka kwenye utumishi, alianzisha shule ya wasichana waliokatishwa masomo, wakiwamo waliopata mimba. Yaani kulikuwa na mtu aliyewaza namna nyingine. Sisi tulikuwa na alama za siri, nyimbo za bweni, bibi na mjukuu, na hatukuwaza.

Nilimaliza na Divisheni Foo. Siku hizi nakaa chumba kimoja Majengo, kazi yangu ni stesheneri: kuchapa barua za watu, na wateja wakipungua nachapa riwaya. Mwaka huu wahitimu wa shule yetu wameanzisha kundi kwenye simu. Tunapanga kukutana. Fulana shilingi elfu ishirini na tano, na mgongoni itaandikwa "Dada Daima". Mama wa bweni ndiye mwenyekiti, sasa ni mtu wa benki. Niliandika kwenye kundi: vipi kuhusu mwenzetu wa kitanda cha juu, nimwongeze? Tiki mbili za bluu, tiki mbili za bluu, hadi usiku. Asubuhi mwenyekiti akajibu kwa upole, "Mwanangu, kundi ni la waliomaliza."

Jumapili nilipanda kwetu Uru kumsalimia mama, mama aliyenizaa. Nikamweleza. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuinua macho. Akasema, "Kwani wewe ulishakwenda kumwomba radhi?" Nikanyamaza. Akanawa, akatoka hadi kwenye mpaka wa kihamba, akarudi na jani la sale. Kwetu Wachaga ukimkosea mtu unampelekea sale, na aliyepelekewa si rahisi akatae. Nikamwambia, "Mama, haya ni mambo ya wazee." Akaniambia, "Basi nenda na mambo ya vijana." Sikuwa nayo. Nikalikunja jani nikalitia kwenye mkoba.

Anauza mitumba ya watoto soko la Kiboriloni. Nilimkuta anakung'uta sweta. Amenenepa kidogo, sauti ni ile ile. Tuliamkiana vizuri, akanipa kigoda, tukapiga soga za bei ya marobota. Nikamweleza habari ya wale wasichana wa Marekani na fulana zao, akacheka sana. Nikamweleza habari ya fulana yetu. Hakucheka. Akaendelea kupanga sweta kwa ukubwa, za mwaka mmoja, za miaka miwili.

"Siku ile ulikuwa dirisha la pili," akasema. "Nilikuona."

Nikafungua mkoba. Jani lilikuwa limejikunja na kushika vumbi la risiti. Nikalitoa tu hivyo hivyo, kwa mikono miwili, sikujua neno la kusema. Alilitazama kwa muda, akalipokea, akalinyoosha kwenye goti lake kama anavyonyoosha kola ya shati. Akalichomeka kwenye kamba ya kibanda, katikati ya sweta mbili nyekundu. Mteja mmoja mama mtu mzima alikuwa amesimama, akaliona, akatutazama mmoja mmoja, hakuuliza kitu, akauliza bei ya sweta.

"Elfu tatu, mama, ingia uchague," akamjibu. Kisha akanigeukia mimi. "Na ile hadithi ya yule msichana wa mtoni, uliyoiacha ile wiki. Halafu?"