Katika Mtaa wa Washona Mahema



Ukitoka Msikiti wa Al-Azhar mjini Cairo, ukaingia Al-Ghuriya, kisha ukaishika njia ya kusini baina ya maduka ya nguo, utafika Bab Zuwayla. Hili ni lango la mji lililojengwa mwaka 1092, zama za Wafatimi, na juu yake imesimama minara miwili ya Msikiti wa Al-Mu'ayyad. Pita chini ya lango hilo, na mbele yako utaona soko lenye paa la mbao, lililojengwa karne ya 17 na amiri aliyeitwa Radwan Bey. Hapo ndipo Sharia al-Khayamiya, yaani Mtaa wa Washona Mahema.

Mpwa wangu anayesoma Al-Azhar alinipeleka huko siku moja baada ya Sala ya Alasiri. Nilikuwa nikitafuta zawadi ya kumchukulia mama watoto.

Maduka ya mtaa huo ni madogo. Mafundi huketi wamekunja miguu kama tulivyokuwa tukiketi chuoni, kitambaa mapajani, subana kidoleni. Kazi yao huitwa khayamiya, kwa sababu asili yake ni mahema: ya harusi, ya matanga, ya maulidi na ya misafara. Kwa nje hema lilikuwa turubai tupu. Kwa ndani lilijaa rangi na nakshi. Nikakumbuka nyumba zetu za kale za Lamu, ambazo ukuta wake wa nje haukwambii chochote, na ndani mna zidaka zilizochongwa kwa ustadi. Uzuri uliwekewa wenyeji na wageni wao, si wapita njia.

Siku hizi mahema makubwa ya mkono yamepungua, na mafundi hushona zaidi mifarishi, foronya na mapambo ya ukutani. Fundi mkuu huchora nakshi juu ya karatasi iliyokunjwa, kisha huitoboa kwa sindano kufuata mistari. Karatasi ikifunuliwa juu ya turubai hupakwa unga wa makaa, nao hupenya katika vitobo na kuacha alama. Baada ya hapo vitambaa vya pamba vya rangi hukatwa kwa mkasi, pindo hukunjwa ndani kwa ncha ya sindano, na kila kipande hushonewa mahali pake. Pambo kubwa huweza kuchukua miezi.

Katika duka tuliloingia, mafundi wanne walikuwa wakishona mapambo manne ya mada moja: nyota ya pembe 12, kama zile zinazoonekana katika mimbari za misikiti ya mji huo. Kila mmoja alichagua rangi zake. Wa kwanza alishona kwa buluu na nyeupe, wa pili kwa nyekundu ya komamanga, na hakuna kazi iliyofanana na nyingine. Nilipouliza mbona hawachoki na nyota hiyo moja, fundi mzee alinijibu kuwa zote huanzia kwenye duara moja lenye kitovu kimoja, kisha kila mkono huenda uendako. Maduka mengine yana mada zao: mayungiyungi ya Mto Nile, ndege mtini, au visa vya Juha, ambaye kwetu ni kama Abunuwasi.

Kazi hizi zimeonyeshwa mbele ya washona mifarishi wa Australia, Ulaya na Marekani, na miongoni mwa waliozitangaza ni Jenny Bowker, mshona mifarishi wa Australia aliyewahi kuishi Cairo. Lakini sifa za ng'ambo hazijaondoa dhiki ya mtaani. Ramadhani ikiingia, Cairo hupambwa kwa kitambaa chenye nakshi hizihizi kilichopigwa chapa kwa mashine. Aliyezoea bei ya chapa huiona bei ya mkono kuwa dhuluma.

Nami nilikuwa mmoja wao. Fundi mzee alinitajia bei ya pambo dogo la nyota, nikamjibu nusu yake. Hakubishana. Aligeuza kitambaa akanionyesha upande wa nyuma, ambako hakuna rangi, ila mishono midogo iliyojipanga kama safu za sala. "Hesabu, ya maulana," akasema. Sikuhesabu. Nilishikilia bei yangu, naye akanikubalia, kwani jioni ilikuwa imeingia na hajauza kitu. Nikatoka nikijiona hodari.

Tulipofika langoni mpwa wangu aliniuliza kwa adabu, "Mjomba, bibi alikuwa akimaliza kofia moja kwa muda gani?"

Mama yangu, Allah amrehemu, alishona kofia kwa mkono, kwa taa ya chemli, baada ya Sala ya Isha. Kofia moja ilimchukua wiki kadhaa. Mchuuzi alikuja, akaigeuza, akaitafutia ila, akataja nusu ya bei, na mama akapokea kwa sababu unga ulikuwa umekwisha. Msahafu wangu wa kwanza ulinunuliwa kwa fedha hizo. Nami nimekwenda Misri kuwa yule mchuuzi.

Kupatana bei ni halali. Lakini Qur'ani inatusimulia kuwa Nabii Shuaib (a.s.) aliwakataza watu wake kuwapunja watu vitu vyao, na asili ya neno lililotumika ni *bakhs*. Neno hilohilo ndilo lililotajwa pale Nabii Yusuf (a.s.) alipouzwa kwa thamani duni. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, na ilinibidi nifike Bab Zuwayla ili nayo inisomeshe mimi.

Kesho yake baada ya Adhuhuri nilirudi. Nilimweleza fundi habari ya mama, nikamkabidhi kilichobaki. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea, akamwombea mama rehema, kisha akaendelea kushona.

Dada zangu mnaoshona kofia, mnaosuka mikeka na mnaodarizi mashuka huko Lamu, Siyu, Malindi na Mombasa: hesabuni siku zenu kabla hamjataja bei, wala msione haya kuitaja. Nasi tunaonunua, kabla ya kusema "punguza", tugeuze kitambaa tutazame upande wa nyuma.

Pambo la nyota limetundikwa ukumbini kwetu. Mama watoto amelitundika kwa namna ambayo mgeni akitaka huweza kuinua pindo lake na kuona mishono.

Wabillahi tawfiq.