Kaya Kumi na Tisa Chini ya Rwenzori

Wengi wetu tunaoishi katika nyumba za askari hapa Kampala tuna wazazi waliobaki mbali. Kila msimu wa mvua hutujia shauri lile lile: tuwalete mjini, au tuwaache walipo? Kwetu shauri hilo lilielemea mwaka 2020.

Mama yangu anaishi katika kijiji cha kaya kumi na tisa, juu ya Kilembe, wilayani Kasese. Zamani Kilembe ilisifika kwa shaba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya madini hayo; mgodi ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo garimoshi halifiki tena. Kilichobaki ni kahawa, muhogo, mbuzi, na mto Nyamwamba ushukao kutoka Rwenzori. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika, ukazoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ulifurika tena, na maji yakafika uani kwa mama.

Mwishoni mwa mwaka huo mume wangu alitoa nauli, tukamleta. Alikaa nasi majuma matano. Hakukosa chakula wala dawa, lakini alinyamaza mno. Siku moja alimwambia mume wangu: "Mwanangu, mnanitunza vema. Lakini kule, nikichelewa kufungua mlango asubuhi, jirani huja kubisha. Hapa ni nani atakayebisha mkiwa kazini?"

Maneno hayo yalitufikirisha. Wakonzo humwita mwana wa kwanza wa kiume Baluku, na binti wa kwanza Masika. Hivyo ukiita "Baluku" kijijini kwetu huitika watu wengi. Hata hivyo hakuna anayekosewa, maana kila mmoja anajulikana kwa mama yake, kwa shamba lake, hata kwa kikohozi chake. Mgonjwa hubebwa kwa machela hadi barabarani, vijana wakipokezana. Asiyekwenda kubeba leo hujua ya kuwa kesho zamu ya nyumba yake itafika. Hiyo ndiyo bima yao, nayo haipakiwi katika basi.

Basi ndugu zangu nami tulikata shauri: hatutamhamisha mama kutoka kijijini, bali tutaihamisha nyumba kutoka mtoni. Tulichagua sehemu ya shamba iliyo mbali na maji, isiyo na mteremko mkali. Mume wangu alinunua mabati na misumari. Wanakijiji walikata miti na mianzi, wakabeba mabati kichwani, wakakandika udongo. Kwa siku nne nyumba ilisimama.

Sisemi kwamba hatari imekwisha. Mvua kubwa ikinyesha mlimani usiku, mto hujaa upesi na kuviringisha mawe makubwa, na mimi huku silali mpaka nisikie sauti yake kwenye simu. Hofu hiyo ndiyo sehemu yangu, nami nimekubali kuibeba.

Kwa hiyo, ndugu mwenye mzazi kijijini, kabla hujamkatia tikiti ya kuja Kampala, hesabu kwanza watu wanaobisha mlangoni pake kila asubuhi. Kisha hesabu watakaobisha mlangoni pako.