Shimo chini ya muguu wa gri

Leo ninaungama kosa langu mbele yako, maana lilikuwa karibu kuleta kilio katika kanisa letu.

Mwaka 2016, hapa Likasi, muti mukubwa wa kaliptusi uliinama juu ya paa la kanisa. Kuuangusha kwa shoka tu, ungebomoa nyumba ya Mungu. Kampuni moja ikatuazima gri, ile mashine yenye mukono murefu ya kuinua mizigo, kwa asubuhi moja. Nikawa na haraka. Nikamwambia mashinisti: "Papa, tumekwisha kuomba. Inua tu!"

Akanijibu polepole: "Pasta, maombi ni muzuri, lakini gri iko na kipimo yake." Akanifundisha. Kipande cha muti mubichi chenye upana wa metre 1 na urefu wa metre 2 kinaweza kupita kilo 1500. Tena, kadiri mukono wa gri unavyoenda mbali, nguvu yake inapunguka. Ndiyo maana muti unakatwa vipande kutoka juu. Kila kipande kinafungwa kwanza kwa gri, ndipo musumeno unaingia.

Kisha akauliza: "Chini ya hapa kuko nini?" Nikasema: "Udongo tu." Lakini mama muzee mumoja, aliyefagia kiwanja kile miaka mingi, akapaza sauti: "Hapana, pasta! Hapo ni choo ya zamani!" Tukachoma kwa chuma: kweli, shimo. Muguu wa gri ungezama, na mashine yote ingepinduka.

Tukaihamisha, tukatandika mbao nene chini ya miguu yake. Mashinisti akawafukuza vijana wa kwaya, mwanangu kati yao, akachagua mutu mumoja tu wa kutoa ishara. Kipande cha kwanza kilipokatika, kikayumba kwa nguvu juu ya pale pale walipokuwa wamesimama.

Kijana, usipite chini ya muzigo unaoninginia, hata kidogo. Nawe papa wa familia, uliza kwanza: uzito ni kiasi gani? Udongo ni mugumu? Nyuzi za umeme ziko wapi? Kumbukumbu la Torati 19:5 inajua kwamba mukata miti anaweza kumuua jirani yake bila chuki yoyote. Lakini kukosa chuki hakurudishi mufu.

Mimi niliomba, na Bwana akajibu kwa kinywa cha mama mwenye ufagio. Kama ningemunyamazisha, leo ningekuandikia habari ingine.